Cheti cha redio kiko ukutani, chini ya jengo redio zetu hazisikiki

Wakuu, nimetoka zamu asubuhi hii na usingizi hauji. Acheni niseme.

Jana usiku tumeitwa kwenye jengo refu, moshi unatoka maegesho ya chini ya ardhi. Tumeshuka wawili na mpira wa maji. Ghorofa ya kwanza chini, redio safi. Ya pili, inakatakata. Ya tatu nabonyeza kitufe nitoe taarifa kwamba moto tumeuona, redio inanipa ule mlio wa kukataa. Nabonyeza tena, mlio uleule. Ikabidi mwenzangu apande ngazi hadi penye mawimbi, aseme, ashuke tena. Mnaelewa maana yake? Mimi peke yangu kwenye moshi, yeye peke yake ngazini, hewa ya mtungi inaliwa na kazi ya utarishi!

Moto umezimwa, nikaenda mapokezi kuangalia paneli ya tahadhari ya moto. Taa ya njano ya hitilafu ya amplifaya ya redio, ule mtambo unaokuza mawimbi yetu ndani ya jengo, inawaka, na mtu ameibandika kipande cha karatasi asiione. Pembeni yake, kwenye fremu, cheti cha kupita kipimo, cha tarehe ya kabla wapangaji hawajaingia. Nikarudi chini na tochi. Walishajenga stoo kule, kuta za zege na milango ya chuma, na juu ya mlango mmoja kebo ya antena imekatwa, ncha inaning'inia. Fundi wa stoo aliikata akaendelea na kazi yake. Hakuna aliyepima upya.

Msimamizi ananiambia, "Mbona simu yangu inashika vizuri?" Ndugu yangu, simu yako unaishikia mapokezi, na masafa yake si yetu.

Na asije mtu hapa kusema kanuni hakuna. IFC, kanuni ya moto ya Marekani, ina kifungu cha 510 tangu 2009: mawimbi yafike asilimia 95 ya kila ghorofa, ya kuingia na ya kutoka, na matoleo ya mwanzo yalitaka nguvu isiyopungua hasi 95 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi). Mfumo upimwe kila mwaka, na pia jengo likifanyiwa mabadiliko yanayoweza kuharibu mawimbi. Hitilafu ionekane kwenye paneli. Ilionekana! Wakaibandika karatasi.

Hata hiyo asilimia 95 yenyewe inanichoma. Ghorofa inagawanywa vipande 20, mpimaji anasimama katikati ya kila kipande. Kimoja kikifeli, ghorofa imepita. Sasa kama kilichofeli ndicho chenye ngazi? Au chumba cha pampu ya maji ya moto? Ngazi na pampu ndiko tunakoenda sisi, wala si katikati ya ukumbi wa mikutano. Toleo la 2021 limeweka asilimia 99 kwa maeneo nyeti, nalishukuru sana, ila jengo la jana lilipimwa kwa hesabu ya zamani.

New York waliweka ripita, mtambo wa kupokea mawimbi ya redio na kuyarusha upya, World Trade Center baada ya bomu la 1993. Asubuhi ya 11 Septemba 2001 kitufe cha pili cha kurushia sauti hakikubonyezwa, makamanda kwenye mnara wa kaskazini wakaamini mtambo haufanyi kazi, wakaachana nao. Askari wa zimamoto 343 walikufa siku ile. Sisemi wote waliuawa na redio. Nasema mtambo ulikuwepo, umelipiwa, umefungwa, na waliouhitaji kwenye mnara wa kaskazini hawakuutumia.

Ninachotaka ni kitu kimoja: fundi yeyote akijenga ukuta au kugusa dari, asikabidhi kazi kabla ya redio kupimwa pale pale, ngazini na chini kabisa, na mtu wa zimamoto awepo akiwa na redio yake mkononi.

Wasimamizi wa majengo mliomo humu, nendeni sasa hivi kwenye paneli zenu mkaangalie ile taa, kisha mje mtuambie hapa mmekuta rangi gani.