Kijito kinakula shamba letu Bwera, tuanzie wapi?

MwanaBwera: Habari zenu wakuu. Shamba letu la kahawa na migomba, huku Bwera wilayani Kasese, Uganda, limepakana na kijito kinachoingia mto Lhubiriha. Tangu mvua zianze ukingo unamegeka, na migomba ya mwisho mizizi iko nje. Mzee anataka tupange mifuko ya mchanga, jirani anasema mikaratusi. Naombeni ushauri.

Mkulima_Rwenzori: Pole sana ndugu. Mko upande wa nje wa kona?

MwanaBwera: Ndiyo, pale pale kinapokunja.

Mkulima_Rwenzori: Basi hapo maji yana kasi zaidi. Yanachimba kitako cha ukingo, juu panakosa pa kuegemea, panaanguka. Ukipanda juu kabla ya kulinda chini, miche itakwenda na udongo. Anzeni kwa mawe makubwa, safu ya kwanza izikwe chini ya sakafu ya kijito. Mkiweza kuchanga na majirani, wekeni gabioni, yaani vikapu vya waya vilivyojazwa mawe. Kisha lazeni ule ukuta wa udongo wa ukingo: kila mita moja ya kimo, rudi nyuma mita moja na nusu au mbili. Ndiyo, mtapoteza ardhi kidogo, lakini mtaipoteza kwa kupenda. Hapo sasa pandeni nyasi za vetiva kwa mistari inayokingama mteremko, shina hadi shina sentimita 10 hadi 15. Mizizi yake hushuka wima, hata mita 3. Mikaratusi hapana! Ikirefuka, uzito na upepo vitaung'oa ukingo wenyewe.

Fundi_Mpondwe: Mifuko ni ya dharura tu, jua huichana. Na msijenge ukuta wa zege usio na matundu, maji yakijaa nyuma yatausukuma.

MwanaBwera: Asanteni. Kuna pia maji ya barabarani, yanapita shambani na kumwagikia hapo hapo.

Mkulima_Rwenzori: Hayo yashughulikieni kwanza kabisa, kabla hata ya mawe! Chimbeni fanya juu, yaani mitaro ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu, zikifuata kontua (mistari ya kimo kimoja), maji yanywewe na ardhi mbali na ukingo. Mkiona ufa sambamba na kijito, uzibeni kwa udongo wa mfinyanzi, watoto wasichezee hapo.

Mama_Kahawa: Mwanangu, kwa kanuni za mwaka 2000, mita 30 kutoka ukingo wa mto mdogo ni eneo la hifadhi, mito mikubwa iliyoorodheshwa ni mita 100. Muoneni afisa mazingira wa wilaya kabla ya kushusha mawe, mkipitia kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji. Na mwenye shamba ng'ambo mwiteni mapema, maana mawe yenu yanaweza kuyaelekeza maji kwake.