Brokoli ya kuotesha mwenyewe: mbona vichwa vinatoka vidogo?

Mama Pacha aliandika:

Wakubwa shikamooni, wengine habari za siku.

Naomba msaada wa wenye uzoefu wa bustani za huku kwenye baridi. Msimu uliopita niliotesha brokoli dirishani. Mbegu ziliota karibu zote, miche ikawa mirefu ya kupendeza, nikaitoa nje jua lilipoanza kuchangamka. Majani yalistawi kiasi, halafu ghafla kila mche ukatoa kichwa kisichozidi ncha ya kidole gumba, na siku chache baadaye nikaona maua ya njano. Mbolea niliweka, maji sikuyakosesha. Jirani aliyenunua miche tayari alivuna vichwa vya maana. Je, niachane na mbegu?

—

Babu Shamba alijibu:

Marahaba mwanangu. Mbegu usiziache. Kwa unavyoeleza, shida ilianza kabla hujashika jembe.

Kichwa cha brokoli tunachokula ni maua ambayo hayajafunguka. Mche ukisumbuliwa mapema huharakisha kutoa maua ungali mdogo, na kichwa kikishaanza kujifunga, mbolea ya kuja baadaye haikikuzi tena. Vinavyousumbua ni mizizi kujizungusha ndani ya kikopo kilichokuwa kidogo, kiu, upungufu wa naitrojeni, na zaidi ya yote baridi ya chini ya nyuzi 10 inayodumu wiki nzima au zaidi.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo wengi wanapokosea. Baridi hiyo hiyo haiudanganyi mche mchanga wenye majani manne. Unaodanganyika ni ule ulioachwa ndani muda mrefu hadi shina likanenepa kuzidi penseli. Kwa hiyo mche mkubwa si mche bora. Hata ukienda kununua, acha ule uliojaa majani, chukua mfupi, mnene kiasi, wa kijani iliyokolea, ambao mizizi haijatokeza kwenye matundu ya chini.

Hesabu yake ni hii. Tafuta wastani wa tarehe ya jalidi la mwisho mahali unapoishi (idara za hali ya hewa nyingi hutoa). Panda nje wiki 2 au 3 kabla ya tarehe hiyo, kwa kuwa mche uliozoeshwa huvumilia jalidi jepesi. Kutoka siku ya kupanda nje rudi nyuma wiki 5, hiyo ndiyo siku ya kuotesha. Ukiona majira ya baridi yamekuchosha ukaanza miezi mitatu kabla, unajitafutia vichwa vya vidole gumba.

Kuotesha kwenyewe hakuna uganga. Tumia udongo mwepesi wa kuoteshea, si wa kuchota bustanini. Fukia mbegu sentimita 1, weka mahali penye nyuzi 20 hadi 25, na ndani ya wiki moja hivi utaona vijani viwili vya mwanzo vyenye umbo la moyo. Siku hiyo hiyo ondoa kwenye joto. Kuanzia hapo mche unataka ubaridi wa nyuzi 15 hadi 18 na mwanga mwingi, kinyume kabisa cha dirisha lililo juu ya kipasha joto, ambako joto ni tele na mwanga ni haba. Hiyo miche "mirefu ya kupendeza" ilikuwa inatafuta mwanga. Weka taa sentimita chache juu ya majani, saa 14 hadi 16 kwa siku, usiku izime, na uipandishe kadiri miche inavyokua.

Kumwagilia, weka maji kwenye sinia yanywewe kutoka chini, kisha mwaga yanayobaki. Udongo wa juu ukiwa umelowa saa zote unaalika kinyausi: utakuta mche uliosimama vizuri jana leo umelala, shina limesinyaa pale linapogusana na udongo kama uzi uliolowa. Huo hauponi. Toa, punguza maji, fungua hewa ipite.

Wiki ya mwisho izoeshe nje kidogo kidogo, kwanza saa moja mbili kivulini, usiku irudi ndani. Wakati wa kupandikiza zamisha shina hadi karibu na majani ya mwanzo, acha sentimita 45 kati ya mche na mche, na changanya mboji ya kutosha. Udongo wenye tindikali wekea chokaa ya kilimo mapema, kipimo chake cha uchachu (pH) kiwe kati ya 6 na 7. Na usirudie mahali palipokuwa na kabichi, koliflawa au kale mwaka jana. Zote ni ukoo mmoja, na ugonjwa wa uvimbe wa mizizi ukishaingia ardhini hukaa miaka mingi.

—

Mwalimu aliandika:

Shikamoo Babu. Sipingi hata moja, ila naongeza: kwa anayeanza, mimi ningesema msimu wa kwanza wa mwaka auache kabisa.

Majira ya kuchipua huku hayaeleweki. Wiki moja kuna jalidi, wiki ya tatu joto limefika nyuzi 28 na kichwa kinafunguka kabla hujanoa kisu. Otesha katikati ya kiangazi ili kichwa kijifunge wakati hali ya hewa inapoa. Hapo brokoli imo kwenye raha yake, jalidi jepesi la mwanzo haliiharibu, na taa huzihitaji kwa sababu jua lipo.

Angalizo la pakiti: "siku 60" au "siku 75" zilizoandikwa pale mara nyingi huhesabiwa tangu siku ya kupandikiza, si siku ya kutia mbegu. Ongeza wiki 4 au 5 za kwenye kikopo, na nyingine 2 kwa kuwa siku zinafupika, ndipo uhesabu kurudi nyuma kutoka jalidi la kwanza.

Gharama ya kupanda kiangazi ni viwavi. Ukiona kipepeo mweupe anatua tuatua kwenye majani, hajaja kutembea. Geuza jani: mayai yake ni kama punje ndogo za manjano, yamesimama wima, moja moja. Kiwavi anayetoka ni wa kijani kile kile cha jani na hujilaza sambamba na mshipa wa kati, unaweza kumtazama usimwone. Kinachomfichua ni kinyesi, vidonge vya kijani kizito kwenye makutano ya majani. Dawa nzuri ni neti yenye matundu madogo, ifunikwe siku ile ile ya kupandikiza na kingo zifukiwe. Ukiifunika baada ya wiki mbili unawafungia ndani na kuwapa ulinzi. Wakishaingia, okota kwa mkono, au tumia dawa ya bakteria Bacillus thuringiensis, ambayo huwadhuru viwavi na kuwaacha nyuki.

—

Mama Pacha aliandika:

Asanteni sana. Mawili tu: nina mbegu zilizobaki, zitafaa? Na yale maua ya njano, ningeyaacha ningepata mbegu zangu?

—

Babu Shamba alijibu:

Mbegu za brokoli zikikaa pakavu na penye ubaridi hudumu miaka 3 na zaidi. Zijaribu: funga 10 kwenye karatasi ya jikoni yenye unyevu, tia kwenye mfuko, acha mahali pa joto la kawaida. Baada ya wiki zikiota 7 au 8, endelea nazo. Zikiota 3, nunua nyingine.

Kuhifadhi mbegu ni kazi nyingine. Pakiti ikiandikwa F1 ni chotara, watoto hawatafanana na mzazi. Hata kama si chotara, bado mche mmoja haujichavushi vyema, unahitaji wenzake, na nyuki wakitoka kwenye kale ya jirani iliyochanua utavuna mchanganyiko usio na jina. Kwa bustani ndogo naona haifai kusumbuka. Ila maua yale yanaliwa, na majani pia, kwa hiyo mche ulioharibika usiutupe mzima.

Ukifika kuvuna, angalia ukingo wa kichwa, si katikati. Vitumba vya pembeni ndivyo huanza kulegea. Vikianza tu, kata asubuhi, sentimita 15 za shina, kwa mshazari ili maji yasituame kwenye kidonda. Shina liache ardhini na uendelee kumwagilia, litatoa vichwa vidogo vya pembeni kwa wiki kadhaa. Aina ya De Cicco ni hodari kwa hilo kuliko nyingi za kichwa kimoja kikubwa.

Ukipata tarehe zako za jalidi zitume hapa, tuhesabu pamoja.