Batiki ya fulana kwa kikundi: rangi ya ndoo au rangi ya chupa?

Dada_Mbagala
Wakuu, habari za leo. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa tupo 15, tunataka kujifunza batiki ya fulana, ile ya kufunga, siyo ya nta. Fundi mmoja anasema tuchovye kwenye ndoo kwa kostiki (ile soda kali) na haidro (kemikali ya kuyeyushia rangi). Mwingine anasema hiyo ni ya vitambaa vya mita, fulana zinataka rangi ya maji baridi ya kumimina kwa chupa. Ipi inafundishika?

FundiRangi_Moro
Zote nafanya. Ya ndoo, yaani vati, unaipata Kariakoo bila kuhangaika, na ikipikwa vizuri haichuji. Rangi yenyewe haiyeyuki majini. Haidro ndiyo inaifanya iyeyuke kwenye maji ya kostiki, kisha fulana ikitoka ikapigwa na hewa rangi halisi inajitokeza. Hapo wanafunzi wote wanapiga kelele, maana inageuka mbele ya macho yao.

Shida ni kwamba ndoo moja ni rangi moja. Ukitaka rangi tatu unafunga, unachovya, unafungua, unafunga upya. Watu 15 kwenye ndoo mbili, wanaojifunza ni watatu, waliobaki wanapiga stori.

Ya chupa kila mtu ana fulana yake na rangi zake. Loweka kwenye maji ya soda ashi (unga unaofanya rangi ishike), kamua, funga kwa mpira, mimina, funika isikauke, fungua kesho yake na suuza kwa maji baridi mpaka yatoke meupe. Kwa kufundishia mimi nachagua hii.

Kaka_Tabata
Fundi, umesahau bei. Rangi za chupa ni za kutafuta, na ukizichanganya moja kwa moja na soda zinaisha nguvu baada ya saa chache hata kama hujazitumia. Kikundi kinachotaka kuuza kianze na vati.

FundiRangi_Moro
Ndiyo maana nimesema soda inakaa kwenye fulana, rangi inachanganywa na maji matupu. Ikibaki unaitumia kesho.

MamaWawili
Kaka_Tabata, kuuza kunakuja baadaye, kwanza watu watoke na ngozi zao. Kostiki inaunguza. Unaimimina polepole kwenye maji, KAMWE usimimine maji juu yake. Sufuria ya alumini usiiguse, inaliwa. Tumia plastiki ngumu au stenlesi. Haidro ikiingia unyevu kwenye kopo inapata moto, inaweza hata kuwaka. Kikundi chenye akina mama waliobeba watoto mgongoni mimi siwaweki hapo. Hata soda ashi inataka glavu, ila si sawa na kostiki.

Mzee_wa_Mitumba
Mnabishania rangi, fulana mmeziangalia? Poliesta haishiki hiyo ya chupa, na ya ndoo haitashika vizuri. Lebo za mitumba mara nyingi zimekatwa, kwa hiyo chomoa uzi uuchome: pamba inanuka karatasi na kuacha majivu, poliesta inayeyuka kuwa kidonge kigumu. Mpya zifueni kwanza. Na msishangae mshono ukibaki mweupe, uzi wa kushonea mara nyingi ni poliesta.

Dada_Mbagala
Asanteni sana. Tunaanza na chupa. Kufunika tumezoea mifuko ya rambo, lakini tangu 2019 imepigwa marufuku, ndiyo hivyo tena 😄 Na magadi ya kupikia maharage hayawezi kushika nafasi ya soda ashi?

MamaWawili
Ndoo yenye mfuniko inatosha.

FundiRangi_Moro
Magadi yale yana soda ashi ndani, lakini imechanganyika na bikaboneti na uchafu, kwa hiyo rangi inashika kinyonge. Nenda wanakouza malighafi za sabuni ya maji, soda ashi wanakupimia kwa kilo.