Mliopitia mafunzo ya umisionari, tupeane uzoefu: nani unamshukuru kwa siku zile?

Binti Makorora (mwanzilishi wa uzi)

Habari za jioni ndugu zangu. Jambo hili ninalo moyoni tangu nirudi nyumbani, leo naliweka hapa. Wamisionari tukikutana tunasimulia waliobatizwa na mitaa tuliyotembea. Siku za mafunzo tunaziruka. Mimi siku hizo ndizo zilizonifunza kushukuru, na wengi ninaowashukuru hata si wa kanisa letu. Naomba kila mwenye chake alete. Mimi ni wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wengine mnatuita Wamormoni, ila aliyepitia unovisi (malezi ya mwanzo ya utawa) au uinjilisti naye karibu, mkeka ni mpana.

Nianze na yangu. Nilipopata wito wa kwenda kuhubiri kama mmisionari kwa miezi 18 (kaka zetu wanakwenda miezi 24), niliambiwa wiki ya kwanza ya mafunzo nitaifanya nyumbani kwa mtandao, kisha ndiyo nisafiri kwenda kituo cha Johannesburg. Nyumbani ni Makorora, Tanga, vyumba viwili, mimi na shangazi yangu. Shangazi ni Muislamu, swala tano hazimpiti, na ni fundi cherehani. Riziki yetu yote ilitoka kwenye cherehani ile. Darasa lilianza saa mbili asubuhi kwa saa za Afrika Kusini, huku kwetu ni saa tatu, wakati ambao wateja ndio wanaleta vitambaa. Simu nimeiegemeza kwenye chupa ya uji, bando la kuungaunga, na upande wa pili wa ukuta cherehani inanguruma. Siku ya kwanza mwalimu aliniuliza kama naishi jirani na mashine ya kusaga.

Siku ya pili kelele ikakoma. Wakati wa mapumziko nikatoka, nikamkuta shangazi kakaa barazani, miwani imeshuka puani, anapiga pindo kwa mkono. Zilikuwa sare za harusi, magauni sita. Nikamuuliza, "Shangazi, cherehani imeharibika?" Hakuinua uso. "Soma mwanangu. Hata uzi wa mkono hushika." Wiki nzima alifanya hivyo: mchana sindano ya mkono, usiku mimi nimeshalala ndipo anakaa kwenye cherehani kufidia. Kufika Ijumaa kidole chake cha shahada alikuwa amekifunga kipande cha kanga kwa kuchomwachomwa. Sikuwahi kumwomba.

Halafu kuna habari ya chai. Sisi hatunywi chai ya majani wala kahawa, ni agizo tunaloliita Neno la Hekima, liko kwetu tangu mwaka 1833. Sasa kwa Tanga, ukikataa chai ya mtu umemkataa mwenyewe. Nilikuwa naogopa kuingia nyumba za watu. Shangazi akapanda mchaichai nyuma ya bafu, akawaambia majirani wote mtaani, "Huyu wangu chai yake ni hii, mkimpikia chemsheni hii." Mpaka leo nikipita kwa mama muuza vitumbua ananiwekea kikombe changu cha mchaichai bila kuuliza.

Johannesburg nilifika Julai. Mtoto wa Tanga hajui baridi mpaka aamke kule saa kumi na mbili na nusu asubuhi mwezi huo. Ratiba ni ile ile kila siku: kuamka, kusali, kujisomea, darasa, kufundishana kwa zamu, na kulala saa nne na nusu usiku. Mwenzi wangu, yaani dada mmisionari niliyepangwa naye, alitoka Lubumbashi, Kongo. Mnaojua mnajua, mwenzi hamwachani, mnalala chumba kimoja, mnakula pamoja, akienda kuulizia barua uko naye. Yeye akisema "batu" mimi namsahihisha "watu". Akisema "niko nasikia baridi", namwambia sema "nasikia baridi". Nilijiona mwenye Kiswahili. Usiku wa tatu ilikuwa zamu yake kusali kabla ya kulala, akasali kwa Kiswahili chake, na katikati ya sala akamtaja shangazi yangu kwa jina, akamwombea kidole chake. Nilikuwa nimemsimulia mara moja tu, tukiwa kwenye foleni ya chakula. Tangu usiku ule sikumsahihisha tena neno lolote.

Tulikuwa na daftari moja wote wawili, kila usiku tunaandika jambo la kushukuru. Ukurasa wa kwanza mstari wa kwanza ni mwandiko wangu: "Maji ya moto." Wa pili ni wake: "Dada wa Tanga hakoromi."

Karibuni.

Mtoto wa Dunda

Asante sana dada. Mimi ni wa Bagamoyo, nilikwenda zamani kidogo, mwaka 2009, enzi hizo kaka alikuwa haendi mpaka atimize miaka 19. (Ni Oktoba 2012 ndipo umri uliposhushwa, 18 kwa kaka na 19 kwa dada.) Nyie wa sasa mnapiga simu nyumbani kila wiki tangu 2019. Sisi ilikuwa Krismasi na Siku ya Mama, basi. Katikati ni barua pepe siku ya maandalizi, ile siku moja ya wiki ya kufua, kupiga pasi na kuandika nyumbani.

Mama yangu alikuwa anakaanga samaki pale sokoni ufukweni, na kusoma hakujua. Mdogo wangu alikuwa darasa la sita. Kila ilipofika siku ya barua yangu alikwenda kwenye duka la intaneti mjini, analipia dakika, anachapisha karatasi, anaikimbiza sokoni, anamsomea mama huku mama anageuza vibua kwenye karai. Karatasi nazo mama alizihifadhi zote. Niliporudi nilizikuta kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati, kila moja ina alama za vidole vya mafuta pembeni. Ile ya wiki ya pili ya mafunzo ilikuwa imeloa mafuta mpaka maandishi yanaonekana kwa nyuma. Nikamuuliza mdogo wangu kwa nini hii ndiyo imechakaa hivi. Akasema, "Hiyo ndiyo uliyoandika kwamba umelia. Alinisomesha mara nne."

Huyo mdogo wangu ndiye ninayemshukuru. Hela za karatasi zilikuwa hela zake za maandazi ya shule. Nilikuja kujua baada ya miaka mitatu.

Mama wa Pongwe

Mimi sikwenda, mwanangu ndiye yuko mafunzoni sasa hivi, ana wiki ya pili. Naandika kwa upande wa sisi tunaobaki. Siku aliyoondoka tulipanda basi alfajiri kwenda Dar, kilomita kama 350, na mimi tangu Segera sikuzungumza, naangalia mkonge dirishani tu. Jumatatu akanipigia kwa video. Nilimwona amevaa shati jeupe na beji nyeusi yenye jina la ukoo wetu, chini yake jina la Yesu Kristo. Baba yake, marehemu, hakuwahi kuandikwa jina mahali popote zaidi ya kadi ya kliniki na ya mpiga kura. Nikamwambia mwanangu sogeza simu karibu na beji. Akasogeza. Nikasoma mpaka nikatosheka.

Namshukuru kijana aliyempigia pasi mashati yote kumi, wa hapa jirani, hakutaka hela.

Novisi wa zamani

Dada umesema mkeka ni mpana, nami nakaa. Mimi ni Mkatoliki, nilikuwa katika malezi ya utawa miaka kadhaa, kisha nikatambua wito wangu ni ndoa, na sasa nina watoto watatu. Kipindi fulani tulikaa Bagamoyo kwa mafungo, pale misheni waliyoianzisha Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868. Kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kufagia majani ya miembe. Miembe ile haina huruma, unafagia ukifika mwisho mwanzo umeshajaa.

Siku moja sista mlezi aliniona nimekasirika na ufagio. Akanituma nikafagie makaburi badala ya njia. Nikawa nafagia nasoma misalaba: wamisionari waliokuja kutoka Ulaya, wengi vijana, malaria haikuwapa hata muda wa kujua lugha. Nilikuwa na miaka 22. Nilikuwa na chandarua, nilikuwa na dawa zahanati hatua mia moja. Sista hakunihubiria kitu, jioni aliniuliza tu, "Umemaliza?" Nikasema bado, naomba kesho nirudi tena. Nilirudi wiki nzima.

Kijana anayengoja

Shikamooni nyote. Niko Chumbageni, makaratasi yangu ya kuomba kwenda misheni yameshatumwa, nangoja wito. Nisaidieni: nibebe nini? Na mjomba wangu hataki kusikia, nifanyeje?

Binti Makorora

Marahaba mdogo wangu. Sweta nzito, hata kama moyo unakuambia Tanga hakuna anayevaa. Viatu viwili vilivyokwisha kuzoea mguu, usiende na vipya. Kitabu chako cha Mormoni cha Kiswahili hata kama mafunzo yatakuwa kwa Kiingereza, kwa sababu usiku ukichoka utataka lugha ya nyumbani. Kama hujaingia hekaluni (nyumba yetu takatifu ya ibada maalumu, si kanisa la kila Jumapili), panga mapema na viongozi wako. Zamani sisi wa huku tulikuwa tunategemea lile la Johannesburg la mwaka 1985, sasa Nairobi kuna hekalu tangu Mei 2025, na wewe uko jirani, unavuka Horohoro unapita Mombasa.

Kuhusu mjomba, usimjibu kwa maandiko. Mfulie kanzu, mpelekee maji ya kuoga, msalimie kila asubuhi hata asipoitikia. Shangazi yangu naye alikaa miezi miwili hasemi nami.

Wa Raskazone

Nimeusoma uzi huu tangu juzi sikuwa na ujasiri wa kuandika. Mimi nilirudi kabla ya wakati. Siku ya kumi na moja ya mafunzo niliugua, madaktari wakasema sitaweza kuendelea, nikarudishwa nyumbani kwa heshima zote. Lakini nyie mnaijua Tanga. Nilikuwa nimeagwa mtaa mzima, kuku wamechinjwa, na ndani ya wiki tatu nipo tena barazani. Kila apitaye: "Heh, mbona mapema?"

Bibi yangu, Muislamu kama shangazi yako dada, ndiye aliyenipokea stendi. Hakuuliza. Alichukua begi akalifunga mwenyewe nyuma ya baiskeli ya kijana wa kubeba mizigo, tukatembea kwa miguu nyuma yake, taratibu, kwa sababu yangu. Kila jirani aliyefungua mdomo bibi alimtangulia: "Mjukuu wangu karudi, alhamdulillahi, karibuni chakula." Alisema hivyo nyumba baada ya nyumba mpaka mlangoni kwetu. Baada ya siku ile hakuna aliyeniuliza tena.

Siku zile kumi na moja nazikumbuka zote. Mwenzi wangu alimaliza miezi yake 24, kila siku ya maandalizi aliniandikia, na barua zake zilianza hivi: "Mwenzi, leo tumefanya hivi." Tumefanya. Alivyoandika ndivyo, kana kwamba niko naye.

Beji yangu bibi aliiona nimeiacha kwenye begi. Aliitoa, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaiweka kwenye mkebe wake wa sindano, mahali anapoweka na pete yake ya ndoa. Iko humo mpaka leo.