Mdogo wangu amehamishiwa Ukonga na baba amefariki: tuwasiliane naye vipi?

Dada wa Kitangari (Newala)

Assalaam aleikum, na habari za leo kwa wote. Ninaomba mawazo yenu juu ya jambo linaloilemea familia yetu. Mdogo wangu anatumikia kifungo cha miaka saba. Alipokuwa Gereza la Lilungu, Mtwara mjini, tulikuwa tukipanda gari alfajiri, tunamwona, na kabla ya magharibi tumesharudi nyumbani. Siku moja tulifika getini tukiwa na sabuni na dawa ya meno tulizomnunulia, tukaambiwa kwamba amehamishiwa Gereza Kuu la Ukonga, Dar es Salaam.

Mama yetu ana maradhi ya miguu na safari ya zaidi ya kilomita mia tano haiwezi. Sisi wengine tunategemea korosho, na kila mkulima wa huku anajua kwamba kabla ya minada ya Oktoba fedha ya nauli ni ya kukopa. Mtoto wa mdogo wangu yuko darasa la pili, naye anauliza habari za baba yake kila akiona wenzake wanapokelewa shuleni.

Kubwa zaidi ni kwamba baba yetu mzazi alifariki baada ya mdogo wangu kuhamishwa. Wazee walikaa wakaamua asiambiwe kwanza, kwa hofu kwamba atafadhaika akiwa mbali na hana wa kumshika mkono. Hitima ya arobaini imekwisha kusomwa, na yeye bado hajui. Tufanye nini ili asikatike na sisi, na habari hii tumfikishie kwa njia gani?

Askari Mstaafu (Lindi)

Pole sana, dada yangu, kwa msiba na kwa mtihani huu. Nimefanya kazi katika Jeshi la Magereza kwa muda mrefu, kwa hiyo nitaeleza yale ninayoyajua.

Uhamisho si adhabu. Wafungwa huhamishwa kwa sababu za nafasi, usalama au matibabu, na mara nyingi ndugu hawapewi taarifa mapema. Familia inaweza kumwandikia Mkuu wa Gereza, au kupitia kwake Kamishna Jenerali wa Magereza, kuomba mfungwa arejeshwe karibu na nyumbani, na maombi ya namna hiyo huwa na uzito zaidi yakiambatanishwa na barua ya daktari anayemtibu mama na barua ya mtendaji wa kijiji. Hilo ni ombi tu, linaweza kukataliwa, lakini lisipoandikwa hakuna atakayelifikiria.

Barua za kawaida zipelekwe kwa anwani ya gereza, zikiwa na jina lake kamili kama lilivyo kwenye hati ya kifungo, pamoja na namba yake ya mfungwa. Ofisa huzisoma kabla hazijamfikia, kwa hiyo andikeni kwa Kiswahili, hata kama mama anayetoa maneno anasema Kimakonde, wala msitie mambo ya kesi za watu wengine. Simu ya mkononi hairuhusiwi kabisa ndani, na mtu yeyote atakayewaahidi kumpitishia simu atamwingiza mdogo wako kwenye kosa jipya.

Jambo jingine linalofaa kujulikana nyumbani: kwa kawaida mfungwa mwenye mwenendo mzuri hupunguziwa theluthi moja ya kifungo, kwa hiyo miaka saba inaweza kuwa miaka minne na miezi minane. Vilevile kuna parole, chini ya Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994, ingawa si makosa yote yanayostahili. Anayetoka kwa parole humalizia kifungo chake uraiani kwa masharti na uangalizi, na hapo ndipo swali la nani atampokea linapokuwa zito. Ndugu walioendelea kuandika na kutembelea hulijibu kwa urahisi.

Kuhusu msiba, mwandikieni Mkuu wa Gereza kwanza. Yupo ofisa wa ustawi wa jamii, na mashehe na mapadri huingia gerezani kwa ajili ya ibada. Mdogo wako anaweza kuitwa ofisini na kuambiwa kwa utaratibu, mbele ya mtu anayejua kufariji.

Mama Mwali (Mingoyo)

Dada, mume wangu alifungwa mbali na Lindi, na njia iliyotusaidia ni kumpata ndugu anayeishi karibu na gereza. Watu wa kusini tumejaa Mbagala, hutakosa binamu au shemeji huko. Kutoka Mbagala hadi Ukonga ni nauli ya daladala. Mkabidhini mtu mmoja jukumu hilo kwa jina lake, maana likiwa la wote kila mmoja atadhani mwenzake amekwenda. Abebe kitambulisho, aulize getini siku na saa za kutembelea na vitu vinavyopokelewa, kwa sababu taratibu za gereza moja si lazima ziwe za jingine. Msimlimbikizie mizigo. Aende na barua ya mama, amsomee, arudi na majibu.

Nawaonya pia kuhusu wanaopiga simu wakijitambulisha kuwa askari, wakisema ndugu yenu anaumwa na fedha inatakiwa saa hiyo hiyo. Mimi nilipigiwa, na sauti yenyewe ilimtaja mume wangu kwa majina yote matatu. Msitume kitu. Fedha ya mfungwa ikabidhiwe ofisini na iandikishwe.

Mzee wa Masasi

Ninaheshimu ushauri uliotangulia, lakini siungi mkono kifo cha mzazi kupelekwa kwa karatasi. Kwetu habari ya msiba hubebwa na mtu, tena mtu mzima wa ukoo. Wazee wenu walikuwa na sababu. Subirini msimu wa korosho, aende mjomba.

Wa Nachingwea

Shikamoo, Mzee wa Masasi. Kwa heshima zote, naomba nipinge, kwa kuwa mimi nimekaa ndani na ninajua habari zinavyoingia.

Kila siku gari la mahakama linaleta mahabusu wapya. Siku yoyote anaweza kushuka mtu wa Newala au Tandahimba, na akishajua mwenzake anatoka Kitangari, neno la kwanza baada ya salamu litakuwa pole ya msiba. Nilimwona mwenzangu akipewa pole hiyo kwenye foleni ya uji, sahani mkononi, na mtu ambaye hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Kilichomuumiza kwa muda mrefu ni kufahamu kwamba ndugu zake walikuwa wameleta barua mbili zenye maneno «wote hatujambo» wakati kaburi limekwisha kuota majani. Baada ya hapo hakuamini barua yoyote, hata zilizosema kweli.

Kwa hiyo, dada, usingoje korosho. Binamu wa Mbagala akiwa mtu mzima mwenye busara ni mtu wa ukoo pia, na hilo halivunji mila aliyoitaja mzee. Mwelezeni mdogo wako siku aliyofariki baba, aliyemwosha, alikozikwa, na maneno aliyoyasema juu yake kama yapo. Mfungwa hana kaburi la kulizuru, anajenga mazishi kwa maelezo hayo.

Baada ya hapo andikeni mara kwa mara, hata nusu ukurasa. Si lazima barua iwe na nasaha. Mwambieni mikorosho ya upande gani imepuliziwa dawa, nani kaoa, paa la jikoni limeezekwa na nani. Akiulizwa shauri kuhusu shamba lake, anajiona bado ni mtu wa nyumba hiyo. Msimwandikie kwamba atatoka mwezi ujao kwa msamaha wa Rais ikiwa hakuna mwenye uhakika. Kila Desemba 9 ikikaribia, watu huhesabu siku, na asiyetajwa huugua.

Mzee wa Masasi

Marahaba. Kama binamu ni mtu mzima, sina neno. Asiende peke yake.

Dada wa Kitangari (Newala)

Nimewasomea mama na baba mdogo majibu yenu yote. Baba mdogo amekubali. Tunaye binamu Mbagala, ana familia, na shemeji yetu wa Gongo la Mboto atafuatana naye. Barua kwa Mkuu wa Gereza tunaipeleka kesho, ili wakifika ofisi iwe inajua wamekuja kwa jambo gani. Naomba kuuliza moja: mtoto amejifunza kuandika jina lake na anataka kumwandikia baba yake. Je, karatasi yake itapokelewa?

Askari Mstaafu (Lindi)

Iwekeni ndani ya bahasha ya barua ya mama, isitumwe peke yake, na kwenye barua mtaje kwamba imeandikwa na mtoto wake. Ofisa ataisoma kama barua nyingine. Lakini ya msiba itangulie kufika, na ya mtoto ifuate kwa posta juma linalofuata.