Gari inachemsha kwenye foleni tu, nitoe themostati (vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto) au niache?

Habari zenu wakuu, naombeni ushauri kwa mafundi na wenye uzoefu humu. Nina kagari kadogo ka zamani, injini ya 1300cc, gia za manyuo. Shida ni kwamba kwenye foleni mshale wa temperecha unapanda mpaka karibu na nyekundu, ila nikitoka nikapata barabara ya wazi nikakimbia kidogo unarudi katikati wenyewe kama hakuna kilichotokea. Feni inawaka lakini kwa kuchelewa sana, na nikiiunga moja kwa moja kwenye betri inazunguka vizuri kabisa, kwa hiyo mota naona nzima.

Nimeshaflashi rejeta, nimeweka koolanti mpya na mfuniko mpya wa rejeta. Maji yanapungua kidogo kidogo na chini sioni tone hata moja, dipstiki (kijiti cha kupimia oili) haina ule uchafu kama maziwa wa maji kuchanganyika na oili, moshi mweupe hamna. Fundi anasema tutoe themostati kabisa halafu feni tuifunge dairekti iwe inazunguka muda wote, rahisi na imeisha. Mi nasita maana injini isipopata joto lake mafuta yanaliwa, na bado sijui kama sensa ya feni (ile inayoiwasha joto likipanda) ndo mwizi hapa.

Sasa wakuu, nianze na sensa kwanza au nimsikilize fundi? Na kuna namna ya kujua kama gasketi ya silinda hedi (ile ya kuziba kati ya bloku na kichwa cha injini) imeanza kuvujisha bila kufungua injini? Bajeti yangu kwa sasa ni ya kubadilisha kitu kimoja tu.