Majirani wa Kichochoro cha Pili, Kigamboni: maua ya vinka ya ukutani

Mama Neema: Habari za asubuhi majirani. Vinka za ukutani pale getini zimelala chini kama zimemwagiwa maji ya moto. Na mvua haijakatika tangu wiki iliyopita. [picha] Nimemwambia kijana azimwagilie jioni, labda zitaamka.

Babu Seif: Asimwagilie! Udongo umelowa halafu mmea umelegea, hiyo si kiu. Vinka yenye kiu hukunja majani kwa ndani saa za jua kali, jioni yanafunguka yenyewe. Hizo zako majani yamening'inia yakiwa bapa. Ng'oa mmoja tuone mizizi.

Mama Neema: Shikamoo babu. Sawa, naenda.

Dulla Kitalu: Usiuvute kwa juu mama Neema, mizizi mibovu itabaki ardhini na hutaona kitu. Chimbua kwa kijembe, duara la sentimita 10 kutoka kwenye shina, unyanyue na udongo wake, kisha suuza kwenye ndoo.

Babu Seif: Marahaba mwanangu.

Mama Neema: [picha] Mizizi ni ya kahawia. Nikiibana kwa vidole ganda linavuka, kinabaki kiuzi.

Dulla Kitalu: Imeoza hiyo. Mzizi mzima wa vinka ni mweupe na ukiubana hauachii ganda. Sasa angalia shina sehemu mbili: pale linapoingia ardhini, halafu katikati ya matawi.

Mama Neema: Kwenye udongo shina liko sawa. Ila matawi mengine yana weusi katikati, kuanzia hapo kwenda juu yamenyauka, chini ya hapo bado kijani.

Dulla Kitalu: Fitoftora, kimelea kinachoozesha mimea. Kama weusi ungekuwa pale kwenye usawa wa udongo na shina limebanwa likawa jembamba, ningesema rizoktonia, ukungu wa udongoni. Hii ya kuanzia katikati ya tawi inatokana na maji yanayoruka. Vijidudu vyake vinaogelea, tone zito likipiga udongo linavirusha mpaka kwenye majani. Ndiyo maana vinka inastawi Januari kwenye joto kali halafu inakufa masika.

Asha wa Kona: Na pale juu kuna bati lisilo na mfereji. Maji yote ya paa yanashukia kwenye hilo tuta.

Babu Seif: Basi hapo hata upande vinka mara ngapi, bila mfereji unapoteza miche. Maji ya paa kwanza, maua baadaye.

Asha wa Kona: Mimi ninayo karbendazimu iliyobaki ya mboga. Si dawa ya ukungu hii? Tupulizie.

Dulla Kitalu: Dada Asha, hiyo haimfanyi kitu fitoftora. Hayumo kwenye kundi la ukungu wa kawaida, na karbendazimu haina pa kumshikia. Inayofaa ni mchanganyiko wa metalaksili na mankozebu. Mankozebu peke yake inakinga jani ambalo halijaguswa, lililoanza kuoza haliponi. Kipimo fuata kibandiko cha pakiti, vaa glovu na barakoa, na usipulize mvua ikiwa karibu maana itaoshwa.

Babu Seif: Mimi nasema ni kutupa hela. Tuta lenye maji yaliyotuama hata ukilipulizia kila wiki litaoza tu.

Dulla Kitalu: Kwa zilizolala nakubali babu, hizo ni za kung'oa. Nasemea zile za mwisho upande wa mwembe ambazo bado zimesimama. Dawa mara moja, majani ya chini yanayogusa udongo yakatwe, na makapi ya mpunga yatandazwe unene wa sentimita 3 ili matone yasirushe tope. Ila makapi yasiguse shina, acha uwazi wa vidole vinne.

Babu Seif: Hapo sawa. Na zilizong'olewa zisiende kwenye shimo la mboji. Zichomwe au ziende na gari la taka. Kijembe kioshwe kabla hakijagusa bustani nyingine.

Mama Neema: Nikishang'oa nipande nini hapo? Nilifikiria nyanya, angalau tupate mboga.

Dulla Kitalu: Nyanya hapana mama! Fitoftora wa vinka ni yuleyule anayeshambulia nyanya na pilipili. Ama acha tuta wazi, ama toa udongo wote wa juu sentimita 20 uweke mwingine. Kama bado mnataka vinka, mimi ningetoa udongo na kuinua tuta.

Asha wa Kona: Lina ukubwa gani lile? Nadhani mita 6 kwa nusu mita.

Dulla Kitalu: Mita 6 × 0.5, ukijaza kimo cha sentimita 20 ni lita 600, yaani ndoo 30 za lita 20. Gawanya hivi: udongo mwekundu ndoo 12, mchanga wa mto ndoo 12, mboji iliyoiva ndoo 6. Weka na ndoo tatu za akiba, udongo unashuka ukishalowa. Miche inakaa sentimita 30 kwa 30, mistari miwili kwa zigizaga. Inaingia 40 hivi. Msibananishe kuliko hapo, vinka inataka upepo upite katikati ili majani yakauke mapema.

Mama Neema: Mchanga si upo mwingi hapa ufukweni, kwa nini tununue wa mto?

Babu Seif: Wa ufukweni una chumvi na vipande vya kombe na matumbawe. Unafanya udongo kuwa wa chokaa, na vinka haipendi. Utaona majani machanga ya juu yanakuwa manjano huku mishipa imebaki ya kijani. Hapo chuma kimo ardhini ila mizizi haiwezi kukinyonya. Ukuta uliopakwa chokaa nao unafanya hivyohivyo, angalieni mstari ulioegemea ukuta ndio wa kwanza kugeuka rangi. Pulizia majani mbolea yenye chuma kama imeshatokea, lakini dawa yenyewe ni udongo.

Babu Seif: Na msiweke majivu. Watu wa hapa wakiona manjano wanakimbilia majivu ya jikoni, yanazidisha.

Asha wa Kona: Kumbe. Na yale manjano ya majani ya chini?

Babu Seif: Yale ya chini yanayoanza jani zima ni njaa ya naitrojeni, au mizizi imezama. Tofautisha kwa kuchomeka kidole ardhini: ukikuta tope, ni mizizi.

Mama Neema: Tukipanda mwezi huu ni mapema?

Dulla Kitalu: Aprili usitie mche kwenye tuta. Anzisha mbegu sasa chini ya kibaraza, mpaka katikati ya Juni miche iko tayari na masika yamekatika. Sikiliza vizuri hapa, maana mbegu za vinka ndipo watu wengi wanaposhindwa: zinaota GIZANI. Mwanga ukizifikia nyingi zinagoma. Chukua trei yenye matundu, jaza mboji iliyochekechwa na mchanga nusu kwa nusu, lowesha kwa kuiweka kwenye beseni la maji mpaka juu kuwe na unyevu, itoe ichuje. Panda mbegu 60 ukihesabia na zitakazogoma, fukia nusu sentimita, funika na nailoni nyeusi. Joto letu la nyuzi 25 na kitu linatosha.

Dulla Kitalu: Kuanzia siku ya 7 funua uchungulie kila asubuhi. Nusu zikishachomoza toa nailoni palepale na usogeze trei penye mwanga. Ukichelewa siku mbili miche inarefuka kama nyuzi na kuanguka.

Asha wa Kona: Maji kila siku?

Dulla Kitalu: Hapana. Zikishaota, acha uso wa udongo ukauke ndipo umwagilie tena kwa chini. Unyevu wa muda wote unaleta ule ugonjwa wa kukata shina usawa wa udongo. Majani ya kweli, yanayofuata yale mawili ya kwanza, yakifika pea mbili, hamishia kwenye viriba. Pea nne, kata ncha kwa kucha, zitoke chipukizi za pembeni. Wiki 8 hivi tangu kupanda mbegu unapeleka tutani, na maua ya kwanza yanafuata muda si mrefu.

Mama Neema: Kisima chetu kina chumvi kidogo. Hilo halina shida?

Babu Seif: Vinka inavumilia upepo wa bahari. Kwenye kiriba ndiyo shida, chumvi inajikusanya, kingo za majani zinaungua rangi ya kahawia. Miche mmwagilie maji ya mvua, yanajaa bure sasa hivi. Ikishakuwa ardhini, maji ya kisima mara mbili kwa wiki kiangazi, asubuhi, kwa kopo chini ya mmea. Mpira wa kurusha juu ya maua msiuguse.

Dulla Kitalu: Mbolea: NPK 17:17:17 vijiko vitatu vya chai kwa mita moja ya mraba, kila miezi miwili, mbali na shina, kisha maji. Samadi mbichi hapana. Mkizidisha naitrojeni mtapata majani laini tu, na hayo ndiyo yanayooza kwanza.

Asha wa Kona: Wadudu je?

Dulla Kitalu: Wachache. Vidung'ata, wale weupe kama pamba, kwenye maungio, futa kwa pamba yenye maji ya sabuni. Kimoja tu cha kuogopa: ua likitoka la kijani, majani madogo yamerundikana juu, si wadudu wala mbolea. Ni ugonjwa unaoletwa na vile vidudu vidogo vinavyorukaruka ukigusa majani, mmea hauponi. Ng'oa siku hiyohiyo.

Babu Seif: Maua yaliyokauka msihangaike kuyachuma, yanadondoka yenyewe. Mmea ukirefuka ukawa uchi chini, kata theluthi moja ya juu, wiki chache unajaa tena.

Bi Mwanaidi: Assalaam alaykum. Samahani kuingilia. Hizo za kung'oa msichome majani yake, kuna jirani yangu anachemsha kwa ajili ya ugonjwa wa sukari.

Babu Seif: Waalaykum salaam Bi Mwanaidi. Tafadhali mzuie. Mmea huu una sumu. Miaka ya 1950 watafiti wa Kanada waliupima kwa sababu hiyohiyo ya sukari, wakakuta panya chembe nyeupe za damu zimeshuka na wanakufa kwa maambukizi. Ndipo zikapatikana vinblastini na vinkristini, dawa za saratani, zinazotolewa hospitalini kwa kipimo cha miligramu. Kwenye sufuria huwezi kujua umemeza kiasi gani.

Bi Mwanaidi: Subhanallah. Namwambia leo.

Dulla Kitalu: Na anayeikata anawe mikono, utomvu mweupe usiingie machoni. Watoto na mbuzi wawe mbali.

Mama Neema: Swali la mwisho. Ile moja nyeupe yenye jicho jekundu iliyobaki kwa mwembe, naipenda hiyo hasa. Mbegu zake zitatoa rangi hiyo?

Dulla Kitalu: Kama ilitoka pakiti ya chotara hazitabiriki, utapata mchanganyiko. Chukua vipandikizi, ila kwenye tawi lisilo na weusi wowote. Ncha ya sentimita 8 isiyo na ua, kata chini kidogo ya kifundo, toa majani ya chini, uache pea mbili. Subiri utomvu ukauke, chomeka kwenye mchanga wa mto ulioshika unyevu kidogo, kivulini. Ukivuta kidogo baada ya wiki tatu, nne, ukahisi kimeshika, kina mizizi. Chukua kumi, sita vikishika umefaulu.

Mama Neema: Asante sana. Asha, yule fundi wa mifereji ya bati bado yupo?

Asha wa Kona: Yupo. Namwita aje Jumatatu apime.